Urani ya Uluguru na maji ya Ruvu: rutherfordini inafunga au inaachia?

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam inatoka mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Kwenye milima hiyohiyo, eneo la Lukwengule, yalipatikana mawe ambayo mkemia Willy Marckwald aliyachunguza Ujerumani, na mwaka 1906 akatangaza kuwa yana madini mapya ya urani. Aliyapa jina la mwanafizikia Ernest Rutherford: rutherfordini. Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, wasiwasi hauhitaji kuitwa. Wanaotuliza watu husema rutherfordini ni adimu, tena imeshaifunga urani ndani ya mwamba. Jibu hilo ni sahihi kwa mkazi wa Kimara, Dar es Salaam, lakini halimtoshi anayechota maji ya chemchemi kule juu mlimani.

Tuanze na jinsi inavyozaliwa. Urani ya Uluguru ilikuwa kwanza uraniniti, fuwele nyeusi na nzito zilizokaa ndani ya pegmatiti, miamba yenye fuwele kubwakubwa, ileile iliyochimbwa ulanga (maika) tangu enzi za Wajerumani. Katika uraniniti, urani iko katika hali ya nne ya uoksidishaji na haiyeyuki kirahisi. Maji ya mvua yakiingiza oksijeni, inapanda hadi hali ya sita, inakuwa uranili (urani iliyoshikana na oksijeni mbili), na hiyo huyeyuka. Mara nyingi kinachotangulia kuganda ni skoepiti, oksidi yenye maji ndani yake. Ili itokee rutherfordini, yaani UO2CO3, hewa ya ukaa lazima iwe nyingi kuliko ya angani, ambayo ni takriban asilimia 0.04, na maji yawe na tindikali kidogo au yasiegemee tindikali wala alikali. Udongo ambao mizizi inapumua unaweza kupita asilimia 1. Ndiyo maana rutherfordini huonekana kama ganda la manjano hafifu linalokula fuwele nyeusi kutoka nje kwenda ndani.

Basi kweli inafunga, na inafunga nyingi: asilimia 72 ya uzito wake ni urani. Tatizo ni kwamba kufuli hili lina masharti. Hewa ya ukaa ikipungua, kwa mfano shimo la ulanga likifukuliwa na kuachwa wazi, madini haya huelekea kugeuka skoepiti. Bikaboneti ikiongezeka na pH (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali imepungua) ikapanda, uranili hujishikiza kwenye kaboneti mbili au tatu na kuondoka na maji, tena bila kunaswa vizuri na udongo wa mfinyanzi. Kalsiamu ikiwapo, kunaswa kunakuwa kugumu zaidi. Kaboneti iliyoigandisha ndiyo hiyohiyo inayoiyeyusha. Kinachotulia muda mrefu ni pale urani inapokutana na silika ikawa uranofani, au na fosfeti ikawa autuniti.

Sasa hesabu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 30 za urani kwa lita. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ina uwezo wa lita milioni 466 hivi kwa siku. Ili maji hayo yafikie kiwango hicho kwa sababu ya rutherfordini peke yake, kilo 19 za madini haya zingepaswa kuyeyuka kila siku, karibu tani 7 kwa mwaka, hata bila kuhesabu maji ya mto yasiyochotwa. Maganda membamba juu ya fuwele hayawezi kulisha hesabu hiyo. Lakini chemchemi ya lita 1 kwa sekunde inayopita kwenye shimo la zamani inahitaji gramu 3.6 tu kwa siku. Kwa maoni yetu hapo ndipo pa kupima, wala si kwenye bomba la mjini.

Na kupima kwenyewe kunaharibika kirahisi. Kifaa cha Geiger cha kupima mionzi, kikiwekwa juu ya ndoo, hakifai kitu: mikrogramu 30 za urani ni chini ya bekereli 0.4 (kizio cha mionzi) za urani-238 kwa lita, na mionzi ya mazingira inaimeza. Chukua chupa mbili za plastiki. Ya kwanza ni ya urani: chuja maji kwa kichujio cha mikroni 0.45 kwanza, ndipo utie tindikali ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2, kisha ipelekwe kwenye ICP-MS, mashine ya maabara inayopima viwango vidogo sana vya metali. Ukitia tindikali kabla ya kuchuja, chembe za tope zitayeyuka na jibu litapanda kwa uongo. Ya pili isitiwe chochote, ijazwe hadi mdomoni, na bikaboneti na pH zipimwe palepale chemchemini, kwa sababu hewa ya ukaa ikitoroka pH inapanda na hutajua tena maji yalikuwaje chini ya ardhi.

Kwenye jiwe lenyewe, tone la tindikali hafifu hutoa mapovu juu ya rutherfordini, ila kalsaiti nayo hutoa mapovu, kwa hiyo uthibitisho unabaki kwa mashine ya eksirei. Usilisage kavu, vumbi lake likivutwa puani ni hatari kuliko jiwe zima lililokaa mezani.