Hesabu ya mpango bora inaifaa Dar, ila ianzie ndani ya geti

Nondo ya dukani ina urefu wa mita 12. Tuseme jengo moja Tegeta linahitaji vipande 40 vya mita 5 na vipande 80 vya mita 3.5. Saiti nyingi humaliza saizi moja kwanza ndipo zihamie nyingine. Nondo moja inatoa vipande viwili vya mita 5 na kubakiza mita 2, kwa hiyo zinaliwa nondo 20. Kisha kila nondo inatoa vipande vitatu vya mita 3.5 na kubakiza mita moja na nusu, zinaliwa nyingine 27. Jumla 47. Sasa geuza mkato: kila nondo itoe kipande kimoja cha mita 5 na viwili vya mita 3.5. Ni mita 12 kamili, hakuna kinachobaki, na kazi yote inaisha kwa nondo 40. Saba hazikununuliwa.

Hakuna mashine mpya hapo, wala mkopo. Saizi zikiwa mbili, fundi mzoefu huuona mkato huo kwa macho. Zikiwa kumi na mbili, na ratiba ya zege inamkimbiza, macho hayatoshi. Hapo ndipo hesabu ya mpango bora, ile ambayo vyuoni huitwa optimaizesheni, inapoanza kulipa.

Nimeanza na nondo kwa makusudi. Hapa Dar es Salaam mazungumzo juu ya hesabu hizi huanzia mahali pagumu kuliko pote, barabarani. Wauzaji wa programu za kupanga safari wanaahidi kwamba malori machache yatafanya kazi ya mengi. Wanaowapinga wanajibu kwamba jiji hili halipangiki, na kwamba dereva wa Canter mwenye miaka kumi ya Kariakoo na Mbagala haambiwi njia na simu. Nawaelewa wote wawili, lakini naona wanagombania uwanja ambao hesabu hii ina nguvu ndogo zaidi, huku ule wenye faida ya wazi ukiachwa mtupu.

Asili yenyewe ya hesabu hii ni karakana. Mwaka 1939, Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad, Urusi ya Kisovieti, aliyekuwa na miaka 27, alichapisha kijitabu kuhusu njia za kihisabati za kupanga uzalishaji. Kilichomsukuma ni swali la watu wa plaiwudi: wana mashine nane za kumenya magogo na aina tano za malighafi, kila mashine ina kasi yake kwa kila aina, kazi igawanywe vipi ili mbao nyingi zaidi zitoke kwa uwiano unaotakiwa? Miaka minane baadaye, Marekani, George Dantzig akifanya kazi kwa jeshi la anga alipata njia ya kuyatatua maswali ya namna hiyo kwa kutembea kutoka pembe moja ya eneo la majibu hadi nyingine, kila hatua ikiboresha jibu. Kantorovich alipata Nobel ya uchumi mwaka 1975, pamoja na Tjalling Koopmans.

Aliyesoma hisabati hadi kidato cha nne Tanzania alishaonjeshwa. Ni ile mada ya kuchora mistari kwenye karatasi ya grafu, kutia kivuli eneo lisilotakiwa, kisha kupima pembe moja moja kutafuta faida kubwa. Seremala wa kwenye swali hutengeneza meza na viti, ana saa kadhaa na mbao kadhaa. Wengi wetu tuliiacha kwenye chumba cha mtihani. Maseremala wa kweli wa Keko wanachana plaiwudi ya futi 8 kwa 4 kila siku, na sijui ni wangapi waliowahi kuambiwa kwamba swali lile liliwahusu wao.

Ndani ya geti la kiwanda mambo yanayotakiwa yanajulikana: saa za mashine, kilo za malighafi, oda zilizopo, faida ya kila bidhaa. Unaandika lengo moja, unaandika masharti, programu inatafuta jibu. Kwa karakana ndogo hata Solver iliyomo kwenye Excel inatosha. Inabeba hadi vigeu 200, yaani namba 200 za kutafutwa. Anayetaka kikubwa zaidi anapata OR-Tools ya Google bila kulipa senti. Kikwazo cha bei kimeshaondoka, kimebaki kikwazo cha mtu anayejua kuandika swali.

Na jibu lenyewe haliishii kwenye "tengeneza hiki kiasi hiki". Hesabu inatoa pia bei kivuli, yaani thamani ya kulegeza kila sharti kwa kiasi kidogo. Chukua mwenye kiwanda cha mikate anayetaka kukopa anunue tanuri la pili. Mpango ukionyesha kwamba kinachokwamisha ni mashine ya kukandia, basi bei kivuli ya saa ya ziada ya tanuri ni sifuri. Tanuri jipya litasimama likisubiri unga uliokandwa. Mhasibu hawezi kuyaona hayo kwenye vitabu, kwa sababu vitabu vinasema fedha ilikwenda wapi na havisemi ingekwenda wapi. Kwangu mimi bei kivuli ina thamani kuliko mpango wenyewe, na ajabu ni kwamba wauzaji wa programu huitaja mara chache sana.

Upande wa pili una hoja hata hapa ndani. Kwanza takwimu: kwenye karakana nyingi kasi ya mashine imo kichwani mwa msimamizi wa zamu, na salio la stoo ni la juzi. Hilo linatibika kwa daftari na nidhamu. La pili ni gumu zaidi. Inasimuliwa kwamba mbinu za Kantorovich zilipotumika kukata vyuma kwenye kiwanda cha mabehewa cha Egorov, Leningrad, mabaki yalipungua sana, na kiwanda kikajikuta matatani kwa sababu kilikuwa na lengo jingine kutoka juu: kupeleka kiasi fulani cha chuma chakavu. Kwetu hakuna kamati ya mipango inayodai chakavu, lakini vile vipande vya mita mbili na mita moja na nusu vina wenyewe. Vinauzwa kwa kilo, na fedha yake inajulikana inaliwa na nani pale saiti. Mkato mpya unaookoa nondo saba unamwondolea mtu fungu lake, na mtu huyo ndiye anayeshika msumeno. Asipopewa kitu, mkato utaharibika bila yeyote kusema neno. Hii si dosari ya hisabati, ila atakayeipuuza asishangae.

Sasa tutoke getini. Dantzig alikuwepo hapa pia: mwaka 1959, yeye na John Ramser waliandika kuhusu malori ya petroli yanayotoka kwenye bohari na kugawa mafuta kwenye vituo, wakitafuta ruti zenye umbali mdogo zaidi kwa jumla. Swali hilo lipo hai kila asubuhi kati ya matenki ya Kurasini na sheli za jiji zima. Na ni gumu kuliko linavyoonekana. Lori lenye vituo 10 linaweza kuvizungukia kwa mipangilio 3,628,800. Ongeza vifike 15, mipangilio inazidi trilioni 1.3. Anayepanga kwa kichwa anachagua kati ya michache anayoikumbuka, na michache hiyo kwa kawaida ni ya jana. Kwa kampuni yenye magari mengi na wateja wale wale, nakubali bila kusita kwamba kompyuta itamshinda mpangaji yeyote kwenye karatasi.

Kwenye lami ni habari nyingine. Hesabu inahitaji gharama ya kila kipande cha njia, na kwa Dar kilomita si kipimo cha kutegemea. Barabara ya Mandela yenye foleni ya malori ya bandari inakula muda mmoja asubuhi na mwingine kabisa usiku, kana kwamba ni barabara mbili. Daraja la Mfugale pale Tazara lilikuja 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021, na kila mara anayetumia takwimu za zamani alikuwa anapanga jiji ambalo halipo tena. Mvua zikikolea, Mto Msimbazi unafurika Jangwani, Barabara ya Morogoro inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasitishwa, na mpango wa siku nzima unageuka karatasi.

Wataalamu wana jibu, na ni jibu zuri: andika mpango unaostahimili, wenye hali kadhaa za barabara badala ya moja, ukubali kulipa kidogo zaidi siku ya kawaida ili usianguke siku ya mafuriko. Shida ni kwamba hali nyingine hazimo kwenye takwimu zozote. Dereva anajua kwamba mwenye duka fulani Manzese hapokei mzigo baada ya swala ya adhuhuri, kwamba mtaa ule Canter ikiingia haigeuki, kwamba leo kuna msiba na turubai limefunga njia. Anwani za makazi zilizowekwa nchi nzima mwaka 2022 zimesaidia, lakini bado mizigo mingi hufika kwa "ukifika kwa Mangi nipigie". Maarifa hayo yanaweza kuandikwa kama masharti, ila kwanza mtu amuulize dereva, na dereva aone sababu ya kujibu. Kampuni inayonunua programu ili ipate kisingizio cha kupunguza madereva isitegemee majibu ya kweli kutoka kwao.

Tufike kwenye usafiri wa abiria, na hapa ndipo ninapowapinga kabisa wanaosema kwamba tatizo letu ni kukosa mahesabu. Daladala inapiga hesabu kuliko chombo chochote mjini. Dereva na konda wana lengo moja, kupata hesabu ya tajiri, yaani fedha ya kila siku ya mwenye gari, na chao juu yake, na wanalitatua kwa ustadi. Asubuhi wanakatisha ruti kwa sababu upande wa pili hauna abiria. Wanamkwepa mwanafunzi kwa sababu kiti chake kinaingiza kidogo kuliko cha mtu mzima. Mchana wanakaa stendi mpaka gari lijae. Kila moja ni jibu sahihi la swali walilopewa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inaweka nauli na kutoa leseni za ruti, lakini swali la tajiri linabaki pale pale. Mpe konda huyo kompyuta bila kubadilisha lengo, atakatisha ruti kwa ustadi zaidi.

Mwendokasi haukwepi jambo hilo. Ukiiambia hesabu ipunguze gharama za mwendeshaji tu, itakupa mabasi machache yaliyoshindiliwa, na foleni ya Kimara asubuhi itakuwa "bora" kihisabati, maana dakika za anayesubiri zimewekewa bei ya sifuri. Ukizipa dakika hizo bei, mabasi yanaongezeka na ruzuku inahitajika. Bei hiyo haitoki kwenye hisabati. Ni uamuzi wa kisiasa, na ninachoogopa ni kuiona imefichwa ndani ya programu ambapo hakuna diwani wala abiria atakayeiona.

Boston waliyapitia hayo mwaka 2017. Watafiti wa chuo cha MIT walipanga upya ruti za mabasi ya shule, yakapungua mabasi yapatayo 50 na mji ukaokoa dola milioni 5 hivi. Watu walifurahi. Mwaka huo huo kanuni za watafiti hao hao zikatumika kupanga saa za kuanza masomo. Wazazi walipoona ratiba mpya waliwaka, na mpango ukawekwa kando. Uwezo wa kihisabati haukupungua kati ya mpango wa kwanza na wa pili. Wa kwanza ulihusu njia ya basi, wa pili ulihusu maisha ya nyumbani, na walioguswa walihisi wameletewa jibu kabla ya kuulizwa swali.

Kwa hiyo msimamo wangu umeegemea upande mmoja kuliko mwingine, kutegemea geti. Mwenye kiwanda Chang'ombe au Ubungo ambaye hajawahi kuandika masharti yake kwenye jedwali anapoteza fedha leo, na visingizio vya foleni havimhusu. Mwenye malori atumie kompyuta kugawa wateja kwa magari na siku, kisha amwachie dereva mpangilio wa ndani ya mtaa. Nusu hiyo ya kazi ndiyo yenye faida kubwa na ugomvi mdogo. Kwa usafiri wa abiria, programu ije baada ya lengo kusomwa hadharani, pamoja na bei iliyowekwa kwa dakika ya kusubiri na kwa kiti cha mwanafunzi.

Na kuna matumizi mengine ya barabarani ambayo sijasikia mtu akiyauza. Mradi wa bonde la Msimbazi, ambao ndani yake lipo daraja jipya la Jangwani, hujadiliwa kwa bei ya ujenzi. Kampuni chache zinazosambaza bidhaa mjini zikiendesha mpango wao mara mbili, mara moja Jangwani ikiwa wazi na mara moja ikiwa imefungwa, tofauti ya gharama ingekuwa bei ya siku moja ya mafuriko, kwa shilingi, kwa kila lori. Hesabu hiyo inawezekana kwa takwimu ambazo kampuni hizo tayari zinazo.