Maji ya kumkinga mtoto wakati wa uchungu: Kigoma tuanzie wapi?

Chupa ikishapasuka na maji kupungua, kila uchungu ukija kitovu, yaani kamba inayomlisha mtoto tumboni, kinaweza kubanwa, na mapigo ya moyo wa mtoto yakaporomoka chini ya 110 kwa dakika. Kuna njia ya kumsaidia: mpira mwembamba hupitishwa ukeni hadi ndani ya mfuko wa uzazi, kisha maji ya dripu ya chumvi huingizwa taratibu ili kitovu kipate nafasi. Si ile dripu ya mkononi, ambayo huingia kwenye damu ya mama.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 1998 ulihusu akina mama ambao maji yao yalikuwa mazito kwa kinyesi cha mtoto. Waliowekewa maji, watoto wao waliougua kwa kuvuta uchafu ule mapafuni walikuwa wachache zaidi kwa mbali. Mwaka 2005 ukaja utafiti mkubwa wa nchi 13, nao haukuona faida hiyo.

Kwangu tafiti hizi hazipingani. Ule wa pili ulifanyika kwenye hospitali zinazomfuatilia mtoto kwa karibu. Akichoka, anatolewa mapema. Pasipo na ufuatiliaji huo, maji yana kazi ya kufanya. Na Kigoma tuko upande huo.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mahali panapohitaji njia hii ndipo ilipo hatari zaidi kuitumia. Fikiria zahanati ya mwambao wa Uvinza usiku: mkunga peke yake, sikio kwenye koni ya kusikilizia mapigo ya mtoto, jicho kwenye saa ya mkononi, na mama mwingine anaita kitanda cha pili. Nani atapima maji yaliyoingia na yaliyotoka ili mfuko wa uzazi usijae kupita kiasi? Kuna maambukizi, kuna kitovu kutangulia kutoka kabla ya mtoto, na chumba cha upasuaji kiko mbali kwa boti.

Kwa hiyo nisingeipeleka zahanati. Ningeanzia hospitali yenye upasuaji, kama Maweni, kwa mama mwenye maji mazito anayesubiri zamu yake kwenye meza ya upasuaji. Zahanati ningepeleka mkunga wa pili kwa zamu ya usiku na mafuta ya boti ya rufaa. Kumlaza mama kwa ubavu wa kushoto mapigo yanaposhuka hakuhitaji bajeti. Kunaweza kufanyika leo hii.