Hesabu ya riba ianzie kwenye simu zao

Habari mliyoandika gazetini ya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kuwa wanunuzi makini nimeifurahia, ila naona mmeishia kwenye alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya kuisha muda wa bidhaa. Hayo mtoto anayetumwa dukani kila siku anayashika haraka. Kazi ipo kwenye mikopo ya simu.

Mwalimu wa hesabu aandike hivi ubaoni: umekopa 100,000, wamekata "ada ya huduma" 20,000, mkononi umepata 80,000, baada ya siku 14 unadaiwa 120,000. Riba ni asilimia ngapi? Wengi watajibu 20. Wakati umelipa 40,000 juu ya 80,000, yaani nusu nzima, kwa wiki mbili! Kidato cha pili wanaiweza kabisa hesabu hiyo, lakini kwenye vitabu tunawapa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, kitu ambacho mtaani hakipo.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Orodha kama ile ibandikwe darasani. Wafundishwe pia kusoma programu inaomba ruhusa gani: anayetaka majina yote kwenye simu yako anajiandaa kumpigia shangazi yako ukichelewa kulipa.

Na kuhusu mizani, wapelekeni sokoni wakatazame kama ina stika ya Wakala wa Vipimo, ya kuonyesha imekaguliwa. Wauza nyanya watanuna kidogo, basi.