Masteri ya mbinu za utafiti wa jamii: Bukavu inamfaa nani?

Karatasi ya maelekezo kwa wanaokwenda kuhoji watu majumbani inasema hivi: simama kwenye makutano ya barabara, shika mkono wa kulia, hesabu nyumba tano, bisha hodi ya tano. Sasa mpeleke kijana mwenye tableti Cimpunda, kule juu Kadutu mjini Bukavu, ambako barabara inageuka ngazi za udongo, ngazi zinageuka mfereji, na paa la nyumba ya chini linakaribia kizingiti cha nyumba ya juu. Mkono wa kulia ni upi hapo? Na nyumba ni ipi, ikiwa parseli moja, yaani kiwanja kimoja, ina mlango wa mwenyewe na milango minne ya wapangaji? Kijana ataamua palepale, na uamuzi wake hautaandikwa popote. Baadaye ripoti itasema sampuli ilichaguliwa kwa nasibu.

Aliyeandika maelekezo yale mara nyingi ana masteri. Anayepanda ngazi ana lisansi, yaani shahada ya chuo, na ankete (kazi za kuhoji watu) kumi mgongoni. Basi kila mwaka swali ni lile lile kwa vijana wa Bukavu na Goma, mashariki mwa Kongo, wanaoishi kwa kazi hizi za miradi: nikasome masteri ya mbinu za utafiti, au niendelee kujifunzia uwanjani?

Wanaosema uwanja unatosha wana hoja nzito, tuanze nao. Kuna ujuzi ambao darasa halina. Chukua neno moja tu. Dodoso limeandikwa kwa Kifaransa, linasema "ménage", yaani kaya. Mkusanyaji anamgeuzia mama kwa Kiswahili: "Katika jamaa yenu muko watu wangapi?" Mama anahesabu watoto wake, mjane wa kaka yake anayekaa Walungu, na kijana anayesoma Lubumbashi, kwa sababu jamaa kwake ni damu. Jibu linakuwa 11. Mwenye uzoefu hasemi jamaa. Anauliza ni nani na nani wanakula sufuria moja, kisha ni nani kati yao walilala hapa usiku wa jana. Jibu linashuka hadi 6. Hakuna fomula itakayosahihisha kosa hilo baadaye, kwani namba 11 haina dalili yoyote ya ubovu.

Ndivyo ilivyo hata kwenye kipato. Ukimuuliza muuza ndizi wa Nyawera anapata ngapi kwa mwezi, atakupa namba ili uondoke. Yeye haishi kwa mwezi. Anajua mtaji wa asubuhi, mauzo ya jioni, na kiasi alichopeleka likelemba, mchango wa kupokezana. Uliza hayo matatu kwa siku ya jana, uliza anauza siku ngapi kwa wiki, andika kila kiasi kwa fedha aliyoitaja, dola au franka, hesabu utaifanya wewe. Hii inajulikana na kila aliyefanya kazi miaka miwili. Na mtu anaweza kumaliza masteri nzuri akiwa amesikia habari za tafsiri ya dodoso katika kipindi kimoja tu.

Lakini uwanja nao una kitu usichoweza kukufundisha hata ukikaa miaka ishirini: ukubwa wa kosa usiloliona.

Namba 384, idadi ya watu wa kuhoji, inazunguka kutoka memwari (tasnifu ya mwanafunzi) moja hadi nyingine kama sala. Inatoka kwenye hesabu ya kweli: kiwango cha uhakika asilimia 95, kosa la pointi 5 juu au chini, na uwiano wa nusu kwa nusu. Ila hesabu hiyo inadhani kila mtu amechaguliwa peke yake kutoka orodha nzima. Uwanjani hatufanyi hivyo. Tunachagua avenyu, halafu tunahoji watu 20 palepale, kwa sababu usafiri ni ghali. Kundi kama hilo linaitwa kishada. Watu wa avenyu moja wanafanana, na kadiri wanavyofanana ndivyo mtu wa ishirini anavyokuambia machache ambayo wa kwanza hajasema.

Hesabu yake ni fupi. Chukua idadi ya watu kwa kila kishada, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana, ongeza 1. Kama kufanana ni 0.05, watu 20 kwa kishada wanatoa 1.95. Gawa 384 kwa namba hiyo: watu 384 wana nguvu ya watu 197 tu, na kosa lako ni pointi 7, si 5. Hilo linavumilika. Sasa uliza juu ya maji. Kaya za avenyu moja hupata maji ya Regideso, shirika la maji, pamoja na hukosa pamoja, kwa hiyo kufanana kunaweza kufika 0.3. Jibu la hesabu ile linakuwa 6.7, watu 384 wanabaki na nguvu ya watu 57, na kosa linafika pointi 13. Ukisema asilimia 50 wana maji, ukweli unaweza kuwa 37 au 63. Timu ilikuwa ile ile, dodoso lile lile, na wakusanyaji walifanya kazi yao kwa uaminifu. Aliyepanga angeweza kuhoji watu 8 kwa kishada na kuongeza vishada, akalipa zaidi usafiri, akaokoa utafiti.

Kuna na suala la uzito. Ukifika kwenye kaya na kumchagua mtu mzima mmoja kwa kura, katika kaya ya watu wazima 2 kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 2, na katika kaya ya 6 ana nafasi 1 kati ya 6. Usiporudisha uzito huo wakati wa kuhesabu, sauti ya mtu wa kaya ndogo inasikika mara tatu. Watu wa kaya kubwa hapa ni akina nani? Mara nyingi ni waliopokea wakimbizi. Utafiti juu ya wakimbizi unaweza kuwapunguza wakimbizi bila mtu yeyote kudanganya.

Haya yanafundishwa, na yanafundishika katika muhula mmoja. Hapo upande wa masteri una haki kabisa.

Ugumu wa kwetu ni kwamba vitabu vinaanza na orodha, nasi orodha hatuna. Sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984. Tafiti kubwa za kitaifa za afya na uzazi (DHS), za 2007, 2013-2014 na 2023-2024, zililazimika kutuma watu kuorodhesha kaya katika kila kishada kabla ya kuhoji yeyote. Huku mashariki hata orodha mpya haikai. Kambi za Bulengo na Lushagala pembeni ya Goma zilipotawanyika Februari 2025, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji, orodha iliyotengenezwa 2024 kwa ajili ya kambi hizo ikawa karatasi ya kufungia maandazi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa data safi ya Ulaya, yenye fremu kamili (orodha ya kuchagulia watu) na uzito uliokwisha kuwekwa, anajua kuendesha gari lakini hajawahi kuona tope.

Usalama wa data ni eneo ambalo pande zote mbili zinakosea, na hapa hatutaki kuwa wapole. Fomu ya Kobo, programu ya kukusanya data kwa simu, ikirekodi GPS ya mlango, inaweza kumleta mtu hadi hatua chache kutoka mlango huo. Aliyejibu swali kuhusu wenye silaha, alama yake ikikaa kwenye simu inayopekuliwa barieri (kizuizi cha barabarani), amewekwa hatarini na wewe. Tafiti za DHS husogeza makusudi alama ya kila kishada hadi kilomita 2 mjini na 5 vijijini, vichache vya vijijini hadi 10, kabla ya kuitoa kwa umma. Mtafiti mdogo anaweza kufanya lililo rahisi zaidi: kutorekodi GPS kabisa pale isipohitajika, au kubakiza tarakimu mbili tu baada ya nukta kabla ya kuhifadhi, ambayo ni kama kilomita moja. Afunge fomu kwa ufunguo wa siri, na aweke mpangilio wa simu kufuta fomu ikishatumwa. Fomu ya ridhaa ya kutia sahihi nayo, inayopendwa na kamati za mbali, hapa inaogopesha: mtu anakubali kuzungumza ila hataki jina lake kwenye karatasi. Ridhaa ya mdomo, ikiandikwa na mhoji kwa tarehe na saa, inatosha, mradi imeelezwa kwenye mpango tangu mwanzo.

Na udanganyifu? Upo. Fomu hujazwa chini ya mwembe. Mara nyingi chanzo ni malipo kwa fomu badala ya kwa siku: ukimlipa mtu kwa kipande, utapata vipande. Kagua saa ya kuanza na kumaliza, tafuta majibu yanayojirudia mstari mzima, rudi kwa moja kati ya kila kaya kumi na uulize maswali matatu tu. Anayepanga bajeti ndiye anayeamua kama hilo litafanyika. Watafiti wa Bukavu wenyewe wameshaandika kwa uchungu jinsi msaidizi wa uwanjani anavyobeba hatari na uamuzi wa utafiti, halafu jina lake halionekani kwenye ukurasa wa kwanza.

Basi masteri ipi? Hapa nyumbani, chini ya mfumo mpya wa vyuo wa LMD (lisansi, masteri, daktari), ni miaka 2 na krediti 120, unabaki karibu na uwanja, na unaweza kuendelea na kazi za muda. Uingereza ni miezi 12 na krediti 180 za kwao, sawa na 90 za Ulaya, na 60 kati ya zile 180 kwa kawaida ni tasnifu. Hiyo tofauti ya 90 na 120 iulizie mapema kama unafikiria kufundisha chuo hapa nyumbani. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia masomo hayo, lakini inadai saa 2,800 za kazi kabla ya kuomba, na kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya kumaliza. Ufadhili wa ARES ya Ubelgiji ni kwa wanaotaka kubaki kwenye Kifaransa. Aliyemaliza lisansi ya mfumo wa zamani, ya miaka 5, asikimbilie masteri kwa ajili ya jina. Huyo anaweza kupata anachokosa kwa kozi mbili za sampuli na takwimu, pamoja na programu ya R, ambayo ni bure. Apakue vifurushi vyake vyote, hasa kile cha "survey", siku intaneti inapopatikana, asisubiri siku ya kuhesabu.

Kwa maoni yetu masteri inamfaa aliyekwisha kufanya ankete nne au tano na amechoka kutekeleza mpango usiomezeka. Aliyetoka darasani jana asubiri: atajifunza majibu ya maswali ambayo bado hayajamuumiza. Kabla ya kulipa, omba muhtasari wa masomo na utafute mambo matatu: somo la sampuli linalojitegemea, lisilofichwa ndani ya "takwimu"; uchambuzi wa mahojiano ambapo mwanafunzi anaweka alama kwenye maandishi yake mwenyewe, katika lugha aliyohojia; na ruhusa ya kukusanya data ya tasnifu nyumbani. La tatu ndilo gumu, kwa kuwa vyuo vingi vya nje vina hofu ya bima na vitakusukuma utumie data ya wengine.

Ukipata ruhusa, usianze na dodoso. Chukua avenyu nne za Panzi, mtaa wa Bukavu, nenda kwanza kwa shefu wa avenyu na barua yenye mihuri, chora parseli zote kwa mkono, hesabu milango ndani ya kila parseli, uliza sufuria ngapi zinapikwa. Watu wawili wanaweza kuorodhesha kaya mia moja kwa siku kama mvua haijanyesha. Orodha hiyo ikikamilika ndipo upige kura, na kila mlango ulioruka uandike umeruka kwa nini.