Theluthi moja ya nyota pacha

Wapo wanaastronomia wanaoona kwamba kutafuta sayari kubwa kwenye nyota pacha ni kupoteza saa za darubini, nao hawasemi bure. Nyota mbili zinazozungukana kwa karibu huchanganya mwanga wao, na mtikisiko mdogo ambao sayari huutia kwenye nyota yake ni rahisi kupotea humo. Mwaka 2012 ilitangazwa sayari kwenye Alpha Centauri B, mmoja wa pacha wawili, A na B, walio jirani na Jua, lakini mwaka 2015 uchambuzi mpya wa vipimo vilevile ulionyesha kwamba ishara ile ilitokana na mpangilio wa nyakati za kupima.

Takwimu wanayoitegemea zaidi ni ya mwaka 2016, iliyotokana na nyota zilizochunguzwa na darubini ya Kepler: pacha waliotengana kwa chini ya takriban mara 47 ya umbali wa Dunia na Jua wana sayari kwa kiwango cha theluthi moja tu ya kile cha nyota nyingine. Naiheshimu, ila naona inasomwa upande mmoja. Sayari huzaliwa katika sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa, na nyota mwenzi huimega sahani hiyo ukingoni hadi ikabaki finyu, yenye malighafi kidogo. Penye uhaba huo mtu angetarajia sayari kubwa zisiwepo kabisa. Theluthi hiyo imepatikanaje basi? Nyota pweke haziwezi kutujibu, na karibu nusu ya nyota zinazofanana na Jua zina mwenzi.

Mfano ninaourudia kila mara ni Gamma Cephei, nyota yenye mwenzi. Mwaka 1988 Campbell, Walker na Yang, watafiti wa Kanada, waliona dalili za sayari pale. Mwaka 1992 dalili zilezile zikahesabiwa kuwa zinatokana na nyota yenyewe kujizungusha. Mwaka 2003, baada ya miaka mingi ya vipimo, sayari ikathibitishwa. Ni kubwa kuliko Mshtarii, huizunguka nyota yake kwa takriban miaka miwili na nusu, ilhali nyota mwenzi iko umbali unaokaribia ule wa Uranasi na Jua. Waliosubiri hawakupoteza muda.

Hapa Dodoma, saa tatu usiku mwezi Juni, kipupwe kikiwa kimeondoa mawingu, Alpha Centauri husimama upande wa kusini, kushoto kwa Msalaba wa Kusini. Kwa macho ni nyota moja. Darubini ndogo tu huigawa mara mbili. Agosti 2024 darubini ya James Webb iliona nukta hafifu karibu na Alpha Centauri A, inayoweza kuwa sayari ya gesi yenye uzito unaokaribia wa Zohali. Februari na Aprili 2025 haikuonekana tena. Wenye shaka wanaweza kuikumbuka 2012, na wana haki. Lakini hesabu za watafiti zinaonyesha kwamba sayari ya namna hiyo ingeweza kuwa imesogea karibu mno na nyota yake katika miezi hiyo hata isionekane, kwa hiyo kuitazama tena, hata mara kadhaa, ndiyo njia pekee ya kujua.