Kondoo wa Sauli walimuumbua

Nimesoma makala moja kuhusu ukaidi mbele za Mungu, na mwandishi wake anasema mkaidi ni yule anayelikataa kanisa waziwazi. Hapo simuungi mkono. Someni 1 Samweli 15. Mungu, kupitia nabii Samweli, alimwamuru Sauli, mfalme wa Israeli, awaangamize Waamaleki wote pamoja na mifugo yao. Sauli hakugoma kwenda vitani. Alikwenda, akawapiga Waamaleki, ila akambakiza mfalme wao Agagi na kondoo wanono, eti wa kumtolea Bwana sadaka. Samweli anafika, Sauli anamlaki kwa baraka: amri nimeitimiza! Na huku kondoo wanalia nyuma yake. Mstari wa 23 ndio unaoufananisha ukaidi wa namna hiyo na kuabudu sanamu.

Mimi mwenyewe nimewahi kufunga siku tatu kuombea jambo nililokwisha kuliamua. Mke wangu akaniuliza, "Sasa hapo unamwomba Mungu au unamjulisha?" Nilinuna wiki nzima.