Aliyefika wa mwisho na aliyetangulia tangu mwanzo

Tangu Alphonce Simbu ashinde marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, ubishi wa zamani umerudi vijiweni: nani mkubwa kuliko wote katika riadha ya Tanzania? Simbu ana wake, na haki wanayo, maana kabla yake hatukuwahi kupata dhahabu ya dunia. Wazee wanaoikumbuka marathoni ya New York 1989 wanamtaja Juma Ikangaa, mshindi wake. Wengine Suleiman Nyambui. Lakini ubishi ukikolea hubaki watu wawili tu, na wote wawili wametoka Mbulu ile kubwa ya zamani, kabla Karatu haijawa wilaya: John Stephen Akhwari na Filbert Bayi. Mmoja dunia inamkumbuka kwa kufika wa mwisho. Mwingine aliwahi kuwa na kasi kuliko binadamu yeyote katika mita 1500, na leo vijana wengi wa Dar es Salaam wanamjua kama jina la shule.

Hoja ya wanaomtanguliza Akhwari si nyepesi, na nisingependa kuipitia juu juu. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 20 Oktoba 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Katika kusukumana njiani Akhwari alianguka, goti likaumia vibaya na bega likapata lake. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Saa moja na ushei baadaye, medali zimeshavalishwa na watu wengi wameshaondoka, akaingia uwanjani mtu anayechechemea, bandeji imezungushwa mguuni, taa zimewashwa. Saa ilisoma 3:25:27. Alikuwa wa 57 kati ya watu 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Wanaomtetea wanasema hivi: rekodi huvunjwa, jibu kama lile halivunjwi. Mtoto wa darasa la tano hawezi kukimbia mita 1500 kwa dakika tatu na nusu, lakini kumaliza kazi aliyoianza anaweza. Na ni kweli kwamba Akhwari ametajwa katika majukwaa ya dunia kuliko Mtanzania yeyote mwingine aliyewahi kuvaa viatu vya kukimbilia. Nchi ikamtunuku medali ya heshima mwaka 1983. Michezo ya Beijing 2008 ilipokaribia, naye alikuwa miongoni mwa mabalozi wake.

Sasa nieleze kinachonikera. Ukiwauliza hao hao wanaolijua lile jibu kwa moyo, Akhwari alikuwa mkimbiaji wa namna gani, wengi hawana la kusema. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia marathoni kwa 2:15:05 akashika nafasi ya tano. Kwa miaka ile huo ulikuwa muda wa mtu wa daraja la juu kabisa. Lakini hakuna anayeonyesha picha ya Edinburgh. Inaonyeshwa bandeji. Dunia imetupenda tukichechemea, na sisi tukaipokea hadithi hiyo kama ilivyoandikwa na wenzetu, tukaanza kuwasimulia watoto kwamba ndiyo fahari yetu kuu. Mwenye kosa hapo si Akhwari.

Upande wa pili wa mizani yupo kijana wa miaka 20, askari wa JWTZ, ambaye inasimuliwa kwamba alifanya mazoezi kwa kushindana na mabasi ya Dar es Salaam, likisimama kituoni anapita, likiondoka analifukuza. Tarehe 2 Februari 1974 alisimama kwenye mstari wa kuanzia kule Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wenyeji walikuwa na John Walker na Rod Dixon. Kenya ilikuwa na Ben Jipcho, ambaye katika michezo hiyo hiyo alichukua dhahabu ya mita 5000 na ya kuruka viunzi na maji. Bastola ikalia, Bayi akaondoka.

Aliondoka kweli. Mzunguko wa kwanza chini ya sekunde 55. Mita 800 chini ya 1:53, na nyuma yake pengo la mita nyingi, kundi zima likimwangalia kama watu wanavyomwangalia mlevi anayevuka barabara. Kila mtu aliyekaa karibu na uwanja wa riadha anajua kilichotarajiwa. Nasi shuleni tulifundishwa hivyo hivyo: ukitangulia mapema utakata moto, na wenzako watakupita umesimama kama mlingoti. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, Bayi bado yuko mbele. Kona ya mwisho Walker anakuja, Jipcho anakuja, pengo linaliwa hatua kwa hatua. Kwenye mita hamsini za mwisho ungesema Walker anampata. Hakumpata. Bayi 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker 3:32.52. Jipcho 3:33.16.

Hebu tukae kidogo kwenye namba hizo, maana mimi kila nikizisoma nazirudia. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, na ilikuwa imekaa tangu 1967. Walker, aliyeshika nafasi ya pili, alikuwa ndani ya rekodi hiyo kwa zaidi ya nusu sekunde, akarudi nyumbani na medali ya fedha. Jipcho wa tatu aliikosa kwa kiasi ambacho hata jicho haliwezi kukiona. Na mbio zote zilivutwa na mtu mmoja. Leo rekodi za mbio hizi hutafutwa kwa kukodi watu wa kuvuta mwendo, wanaojitoa katikati kazi yao ikiisha, tena pembeni ya uwanja kuna taa zinazokimbia kumwonyesha mkimbiaji kasi anayotakiwa kwenda nayo. Bayi alikuwa mvutaji mwendo wake mwenyewe, kisha hakujitoa. Rekodi yake ya dunia ilidumu mpaka Agosti 1979, Sebastian Coe wa Uingereza alipoipunguza kule Zürich hadi 3:32.03. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa mpaka Birmingham 2022, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12. Miaka 48. Coe, Waingereza wenzake Ovett na Cram, Wakenya wa kila kizazi, wote walipita kwenye michezo hiyo au karibu nayo, na ile 3:32.16 ya kijana wa Karatu ikabaki ubaoni.

Wapinzani wake wana jibu. Wanasema: dhahabu ya Olimpiki iko wapi? Munich 1972 alitolewa kwenye hatua za mchujo. Mwaka 1978, mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, alitangulia tena, David Moorcroft wa Uingereza akampita mwishoni, 3:35.48 kwa 3:35.59. Moscow 1980, kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, alifungua pengo kubwa, kisha mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamkuta na kumwacha, 8:09.70 kwa 8:12.48. Hata rekodi yake ya maili, 3:51.0 aliyoiweka Kingston, Jamaica, Mei 1975, haikumaliza miezi mitatu kabla ya Walker kukimbia 3:49.4. Kwa hiyo, wanasema, Bayi ni hadithi ya mtu aliyejua kuondoka tu.

Edmonton na Moscow siwezi kuzikataa, zimeandikwa. Ila hoja hii inasahau kwa nini mtu anatangulia. Anayekaa mbele ndiye anayepasua upepo, walio nyuma yake wanapumzika. Ni kazi ya kipumbavu kama una mwendo mkali wa kumalizia kuliko wenzako. Bayi alijua wenye mwendo huo ni kina nani, akachagua kuwachosha mapema ili ikifika mita 200 za mwisho kila mtu awe na miguu mizito kama yake. Njia hiyo ilimpa dhahabu ya Michezo ya Afrika ya Lagos 1973 mbele ya Kipchoge Keino wa Kenya, ikampa Christchurch, na Algiers 1978 akatwaa tena taji la Afrika. Kuhusu Moscow, ile fedha tunayoitaja kama kushindwa, pamoja na fedha ya Nyambui ya mita 5000 katika michezo ile ile, ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata, tukihesabu mpaka Paris 2024.

Kisha kuna Olimpiki ya Montreal. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, damu ya Soweto haijakauka. Afrika ikataka New Zealand ifungiwe, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa, na zaidi ya nchi ishirini zikasusia, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Ni uamuzi ambao hata leo ningeuunga mkono. Lakini angalia ulivyomwangukia mtu mmoja: pambano lililokuwa likingojewa kuliko mengine yote ya riadha lilikuwa la Bayi na Walker, na nchi iliyosababisha kususia ni nchi ya Walker.

Walker alishinda Montreal kwa 3:39.17. Sekunde saba nyuma ya Christchurch. Kwa kasi waliyokuwa wakikimbia, hizo ni karibu mita 50. Najua, kulinganisha hivyo si haki. Fainali ya Olimpiki huja baada ya mbio za mchujo, watu hutegeana, dhahabu ndiyo inayotafutwa na saa haina maana. Pia Bayi alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla ya michezo, na huenda asingekuwa na nguvu za kumsumbua yeyote. Hayo yote nayakubali. Lakini mita 800 za kwanza za fainali ile zilipita kwa zaidi ya dakika 2. Kule Christchurch zilipita chini ya 1:53. Watu walitegeana Montreal kwa sababu mtu aliyewakataza kutegeana alikuwa hayupo. Mwenye kusema Bayi hakuwa na maana kwenye Olimpiki, aitazame fainali asiyokuwamo.

Baada ya viatu, Bayi alikaa miaka mingi kwenye ukatibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na hapo wapo wenye lawama zao kuhusu timu kwenda na kurudi mikono mitupu. Sitaingia huko leo. Shule alizozianzisha na mkewe, Kimara na Mkuza kule Kibaha, zinaendelea kubeba jina lake kwenye sare za watoto ambao, nina hakika, wengi wao wanalijua jibu la Akhwari.

Nakiri kwamba hoja kali kuliko zote dhidi yangu imetoka Tokyo yenyewe. Simbu hakutangulia. Alikaa kwenye kundi, akavumilia, akaingia uwanjani akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, akamkamata mstarini. Wote wawili walipewa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kocha yeyote anayewaambia vijana wangoje sasa ana ushahidi wa dhahabu. Mimi nina ubao wa rekodi za taifa, mstari wa mita 1500 wanaume: Filbert Bayi, 3:32.16, Christchurch, 1974.